Mama Matuta, Aliyeing'oa Bustani Akaipanda Upya

Ndugu, jamaa, majirani na wanabustani wenzake,

Mama tuliyemsindikiza hapa leo alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, ila wengi wenu hamlijui, na hata yeye alikuwa ameanza kulisahau. Akiitwa kwa jina hilo kliniki, ilibidi mumewe amguse bega ndipo ainuke. Mtaani na bustanini alikuwa Mama Matuta. Wageni walidhani ni matuta yale ya barabarani. Madereva waliomfahamu walisema hao wageni hawakukosea sana, maana ukikutana na mama huyu, uwe na haraka ya namna gani, lazima upunguze mwendo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa mzee mpiga ishara za treni na mkewe aliyekuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja na sebule, na kila treni ya mizigo ilipopita, vikombe viligongana rafuni. Alikuwa mtoto wa maswali. Baba yake alipenda kusimulia kwamba ukimwambia binti huyu jambo liko hivi kwa sababu ndivyo lilivyo, alikuwa anaketi sakafuni na kusubiri sababu nyingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, kisha akaenda sekondari ya wasichana, alikofika kidato cha pili kabla baba yake hajaumia kazini na karo kukosekana. Walimu wake walimkumbuka kwa kuongea. Adhabu ya kuongea darasani ilikuwa kumwagilia maua ya mwalimu mkuu, na yeye alipewa adhabu hiyo mara nyingi kiasi kwamba maua yakawa kama yake. Siku moja mwalimu wa zamu alimkuta amekaa kimya kabisa, akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi, ila jana mvua imenyesha, maua hayahitaji maji. Hapo ndipo shule ilipogundua kwamba binti alikuwa anaongea kwa ratiba.

Mwaka 1968 aliingia chuo cha ushonaji, na mwaka 1970 akaajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali kuu. Humo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2008. Alishona mashuka, mapazia ya wodi, magauni ya madaktari wa upasuaji na nguo za kufungia watoto wachanga. Chumba kilikuwa na madirisha marefu, cherehani zimepangwa ukutani, na katikati meza kubwa ya kukatia. Wasichana wengi walijifunza kazi mikononi mwake, na wote wanakumbuka somo lake la kwanza: mshono uliokwenda kombo hauponi kwa kupigwa pasi, hufumuliwa. Alikuwa anasema hivyo bila ukali, huku tayari anakupa kiwembe cha kufumulia.

Meza hiyo ya kukatia ndiyo iliyomletea mume. Mguu mmoja wa meza ulilegea, akaitwa seremala kijana wa karakana ya hospitali. Akautengeneza. Baada ya muda ukalegea tena, akaitwa tena, na tena. Msimamizi wa chumba, mama mmoja mwenye macho makali, alisema amewahi kuona meza zenye mchwa lakini hii ya kwake ina mapenzi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975, na bwana harusi akakiri mbele ya wakwe zake kwamba skrubu ya mguu ule hakuwahi kuikaza mpaka mwisho. Walijaliwa watoto watatu. Wa pili aliwatoka akiwa mchanga, mwaka 1979. Mama hakupenda kulizungumzia, lakini tangu mwaka ule kila shuka la wodi ya watoto lililopita mkononi mwake alilipiga pindo mara mbili.

Sasa tuje kwenye bustani, maana wengi mliosimama hapa mna udongo wake kwenye kucha.

Mwaka 2009 Mama alikuwa na mwaka mmoja wa kustaafu na alikuwa amechoka kupumzika. Nyuma ya maktaba ya mtaa palikuwa na kiwanja cha halmashauri kilichogeuka jalala, chupa zilizovunjika, magodoro, vichaka vya kujificha paka. Ng'ambo ya njia kuna saluni ya shoga yake wa tangu utotoni, ambaye mtaa mzima humwita Msusi. Wawili hao walikuwa wanakitazama kiwanja kile kupitia dirisha la saluni, mmoja akisuka na mwingine akiongea, mpaka siku moja Msusi akasema ama wakasafishe, ama wahamishe kiti kitazame upande mwingine. Wakaenda. Wakafuatwa na majirani, kwanza kwa kushangaa, halafu kwa majembe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Klabu ya Bustani ya Nyuma ya Maktaba. Kila mwanachama alipewa tuta lake, na yaliyobaki yalilimwa kwa pamoja. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi: kugeuza mboji, kukata ua, kupanda miche kwenye vitalu, kubadilishana mbegu kwenye ngazi za maktaba, na kugombania mpira wa maji, ambao haukuwahi kumtosha mtu. Mwenyekiti alikuwa dereva mstaafu wa basi, naye aliendesha mikutano kama basi. Akishafunga hoja hakuna kurudi kituo cha nyuma. Mama Matuta hakuwa na cheo. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye matuta ya watu na kusema alichoona. Wapo walioinama ghafla kujifanya wanatafuta kitu kila walipomwona anakuja.

Miaka mitano ilikwenda vizuri. Watu waliokuwa wanasalimiana kwa kope tu wakaanza kupelekeana vitunguu. Halmashauri ikasikia, ikaahidi kutuma kamati ije ione kama klabu ikabidhiwe kiwanja kwa muda mrefu. Ilikuwa mwaka 2014. Mwenyekiti akaagiza tangi la maji ili wageni wakute pamependeza, na mume wa Mama, seremala wetu, akapewa kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo karibu na ukuta wa nyuma.

Chini ya udongo mweusi alikuta tabaka la kijivu, na ndani yake makasha ya betri za magari yaliyovunjika na vibamba vyake, vingi. Akamwita mkewe. Mama akamuuliza Msusi, aliyekulia mtaa huo, naye akakumbuka vizuri: yeye na watoto wenzake wa mtaa walipokuwa wadogo palikuwa na karakana ya betri pale, wakifukuzwa wasichezee maji yake. Watu wakasema ni takataka za kale, fukia, chimba pembeni. Mama hakufukia. Alirudi nyumbani, akakata vipande vya shuka kuukuu, akashona vifuko vidogo, kimoja kwa kila tuta, kila kimoja na alama yake ya uzi mwekundu. Akavijaza udongo na kuvipeleka maabara ya chuo cha kilimo.

Mpimaji wa maabara, dada mmoja mpole, hakutaka kumweleza kwa simu. Alimkalisha, akamwambia kwamba udongo una madini ya risasi, kidogo upande wa maktaba, mengi sana upande wa ukutani. Akamweleza kwamba mboga za majani na za mizizi ndizo mbaya zaidi, kwamba hata vumbi lake lina madhara, na kwamba wanaoumia kwanza ni watoto wadogo, tena akilini, bila homa wala dalili ya kumshtua mzazi. Mama aliuliza kama udongo unaweza kuoshwa. Hauwezi. Aliuliza tena kama kuna njia yoyote ya kulima pale pale. Dada akasema ipo: kuufunika wote, kuinua matuta ya mbao juu yake, na kuleta udongo mwingine kutoka mbali. Ila ni kazi kubwa, akaongeza. Mama akamwambia kazi haijawahi kumkimbiza.

Kilichomtetemesha njiani, kama alivyomsimulia mumewe, ni kwamba tuta baya kuliko yote lilikuwa la Msusi, na Msusi alikuwa analea mjukuu wa kike wa miaka mitatu kwa mboga za tuta hilo.

Kabla ya mkutano wa Jumamosi alimpitia mwenyekiti. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimsihi tu angoje kidogo. Kamati ilikuwa inakuja wiki ile iliyofuata, na ikisikia habari hii ingefunga kiwanja na kazi ya miaka mitano ingeondoka na maji.

"Mama, acha kwanza tupewe ardhi," alimwambia. "Tukishaipata, tutasema."

"Mwenyekiti," alijibu, "watoto wanakula leo."

Jumamosi alisimama kwenye ngazi za maktaba na kusema udongo wetu una risasi. Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri akauliza nani amepigwa. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilikuwa cha mwisho siku hiyo. Alipomaliza kueleza, walikasirika, na kama kawaida ya binadamu walimkasirikia aliyeleta habari. Wakasema maabara hukosea. Wakasema ana wivu. Wengi wakakubaliana wangoje kamati ipite. Msusi aliinuka wa mwisho.

"Nimekula hapa miaka mitano na sijafa," alisema.

"Sikuulizi wewe," Mama alimjibu. "Namuulizia mtoto."

Msusi akavuka njia na kufunga mlango wa saluni. Mama Matuta akashuka ngazi, akaenda kwenye tuta lake mwenyewe, lililokuwa limejaa karoti za kuvunwa, na kuanza kung'oa. Wengine walimtazama kisha wakaenda zao. Wawili watatu walibaki wakang'oa ya kwao. Alikuwa anang'oa kwa uangalifu, akitia kwenye magunia na kuyashona midomo ili asije mtu akaokota.

Katikati ya wiki, mchana, alimkuta Msusi kwenye tuta lake, mjukuu kiunoni, anachuma spinachi kana kwamba hakuna lililosemwa. Mama alimsalimia. Msusi aliendelea kuchuma. Basi aliingia kwenye tuta la shoga yake, akainama, akaanza kung'oa mche kwa mche, bila haraka na bila kuinua macho. Msusi alisimama akamwacha. Alipofika mstari wa mwisho, Msusi akasema kwa sauti ya chini: "Ukimaliza hapo, ning'oe na mimi kwenye maisha yako." Mama aliendelea mpaka tuta likawa tupu. Alipofika nyumbani alinawa mikono muda mrefu, akaenda kukaa kizingitini kwa karakana ya mumewe, akamwambia amempoteza. Mzee hakumbishia wala hakumpa moyo. Alimpa kikombe chake cha chai, akaacha kupiga randa mpaka alipokimaliza.

Kamati ilipokuja, yeye ndiye aliyewaambia. Ikawa kama mwenyekiti alivyoogopa: lango likatiwa mnyororo, na maneno yakaanza. Aliitwa Mama Mng'oa. Kuna waliohama upande wa njia wakimwona. Mwanawe mkubwa alimshauri apumzike, amekwisha kutimiza wajibu wake. Alimjibu kwamba kusema ukweli ni nusu ya wajibu, kwamba huwezi kufumua nguo ya mtu halafu ukamwachia vipande.

Kila Jumatatu alikwenda ofisi za halmashauri na kukaa kwenye benchi la korido, na mchoro wa mumewe wa matuta ya mbao mapajani. Aliambiwa bwana mkubwa yuko mkutanoni. Aliambiwa yuko safarini. Karani wa mapokezi alifikia kumpokea kwa kusema, "Mama, umeshafika kazini?" na mwishowe akawa anamwekea mto. Ule mto Mama aliona umeshonwa vibaya, akaufumua na kuushona upya pale pale kwenye benchi. Inasemekana ofisa aliyetoka akamkuta anashona koridoni ndiye aliyeuliza kwa mara ya kwanza anachotaka ni nini hasa, akautazama ule mchoro.

Ruhusa ilitoka kwa masharti, na kila sharti alilitimiza. Mwenyekiti alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi, akasema hana la kujitetea ila anawajua madereva wa malori wote wa mji huu. Hilo likatosha. Udongo uliletwa kutoka mashamba ya mbali, ukapimwa kabla haujashushwa. Mzee seremala alitengeneza matuta kwa mbao za makasha ya mizigo. Mama alishona mazulia mazito ya kutandika chini, kwa cherehani yake, kwa magunia mara mbili mbili, mpaka sindano zikamwishia. Waliokuwa wamemkasirikia wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu. Aliwapa matoroli. Hakumuuliza mtu alikuwa wapi. Lango lilifunguliwa tena Jumamosi, tarehe 3 Septemba 2016, na ni siku hiyo aliyekuwa Mama Mng'oa alipoitwa Mama Matuta.

Tuta moja katika safu ya mbele, linalotazama saluni, liliachwa tupu. Walikuwepo watu waliolitaka, na wengine walianza kunung'unika kwamba ardhi inalala. Mama aliwajibu kwa maneno mawili: "Lina mwenyewe." Alilipalilia msimu mzima, tuta lisilo na kitu, na kulimwagilia, jambo lililowafanya wanachama wapya wamwonee huruma wakidhani ni umri. Kila asubuhi alivuka njia na kumsalimia Msusi dirishani, na kila asubuhi Msusi alikuwa na kichwa cha mteja cha kushughulikia.

Ambacho mtaa haukujua ni kwamba Msusi alikuwa amempeleka mjukuu wake hospitali zamani, muda mfupi baada ya siku ile ya spinachi. Damu ya mtoto ilikutwa na risasi. Ilikuwa mapema, madaktari wakamfuatilia, ikashuka. Mama Matuta aliambiwa na nesi mmoja aliyedhani Mama tayari anajua, na hakulitamka kwa mtu, hata kwa mumewe. Tunalisema leo kwa sababu Msusi mwenyewe ametuomba tuliseme, tena mbele ya watu.

Asubuhi moja ya Machi mwaka 2017 Msusi alifunga saluni, akavuka njia na trei ya miche ya nyanya, akapiga magoti kwenye lile tuta na kuanza kupanda. Mama alikuwa kwenye mboji upande wa pili. Aliiacha sepetu, akaja, akasimama. Msusi aliendelea kupanda mpaka mche wa mwisho.

"Tuta umelifanya fupi," Msusi alisema.

"Ungewahi, ungepimwa," Mama alijibu.

Basi wakakaa ukingoni mwa lile tuta, wazee wawili wenye magoti mabovu, na jioni ilibidi watu wawasaidie kuinuka.

Maradhi yalianza mwaka 2021. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wakakuta moyo umepanuka. Mwenyekiti, asiyeacha nafasi ya kusema kitu, alisema sisi tulijua zamani, hatukuhitaji picha. Klabu ilimjengea tuta refu la kulimwa mtu akiwa amekaa, na alilima hapo hadi mwaka jana. Alilazwa mara kadhaa katika hospitali ile ile aliyoitumikia. Mara ya kwanza, kabla daktari hajamfikia, alikuwa amekwisha kukagua pindo la shuka na kumwagiza nesi apeleke salamu chumba cha kushonea kwamba uzi wanaotumia ni mwembamba. Mara ya mwisho aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mumewe akiwa ameshika mkono wake mmoja na shoga yake anamsuka nywele. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mume, seremala mstaafu, waliyeishi naye miaka arobaini na saba. Mwana mmoja wa kiume, fundi umeme, na binti mmoja, mwalimu. Mkwe wa kike na mkwe wa kiume. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike, anayewasomea maneno haya. Mashemeji, mawifi, wapwa na mabinti wa chumba cha kushonea waliomwita mama. Na shoga yake Msusi, ambaye familia imeamua aandikwe hapa miongoni mwa ndugu, kwa kuwa ni ndugu. Mjukuu wa Msusi yuko sekondari sasa. Hisabati amekuwa wa kwanza darasani, na familia yake inaomba hilo nalo lisomwe.

Wiki moja kabla hajatutoka, Mama alimwita mwenyekiti na kumpa agizo. Bustani isifungwe kwa ajili yake. Kama mazishi yatakuwa asubuhi, kazi iwe saa kumi jioni, maana miche ya kabichi haijui msiba. Kwa hiyo, baada ya hapa na baada ya kula, klabu itakuwa nyuma ya maktaba, lango wazi. Wanachama na wasio wanachama, wote mnakaribishwa. Mwenye kutaka kulia akalie huko, lakini awe ameshika jembe.

Kazi yake ameifanya mpaka mwisho. Sasa ni zamu yake kupumzika, na amani ikae naye.